Roho Tatu

Kwa Mama Ndeonansia, Pasua, nyuma ya mashine ya kusaga,
roho tatu ziliuzwa shilingi hamsini.
Ulilipa, ukavua ndala mlangoni,
ukakaa juu ya kreti la soda
mbele ya tivii ya inchi kumi na nne
iliyoonyesha chenga mpaka uizabe kofi.

Kaka yangu Elirehema ndiye aliyekuwa na mkono.
Alichomoa kanda, akayapuliza meno yake ya shaba
kama apulizaye uji wa mtoto,
akairudisha, tak,
na nyota zikaanza kushuka.

Sijui nani atanielewa nikisema
kile chombo kilikuwa kidogo kuliko punje ya hindi.
Pembetatu nyeupe, basi.
Maadui walikuwa vidoa vyekundu, havina hata macho.
Lakini walipotokea kushoto, wanne wanne,
ukuta ukitetemeka kwa mashine ya upande wa pili
na unga ukitudondokea nyweleni,
tuliinamisha vichwa kweli.

"Kushoto, halafu kulia, halafu yule mnene katikati,"
alinifundisha. "Siku zote. Adui wa humu hajui kujifunza."
Aliyakariri mapito yao
kuliko alivyolikariri jedwali la saba,
na Mwalimu Kimambo alimchapa kwa hilo la pili
bila kumuuliza la kwanza.

Mimi nilikuwa mchezaji wa pili.
Kazi ya mchezaji wa pili ni kushika pedi
na kumwombea ndugu yake afe.
Nikimwambia leo, anacheka. Lakini niliomba,
tena kwa jina la Yesu,
afe upesi, zamu yangu ifike.

Ngome ya tisa hatukuwahi kuivuka.
Kila tulipoifikia, TANESCO nao hao:
picha ilijikunja ikawa nukta,
nukta ikabaki kidogo katikati ya kioo
kama jicho la paka, ikazimika.
Kanda haikutunza kitu.
Mama Ndeonansia ndiye aliyeandika kwa mkaa ukutani,
ELI 92,400,
chini ya deni la maziwa la mtu mwingine.

Mwezi uliopita nimeikuta darini kwetu
(aliinunua kwake siku alipofunga, kwa bei ya kuku, hakuwahi kuiwasha).
Fundi Kanuti wa Double Road aliifungua,
akatoa kiota cha mende, akanitazama.
"Dada, hii ya nini sasa?"
Nikamwambia, we tengeneza tu.

Elirehema alikuja Jumapili, katoka lindoni,
sare ya kampuni, macho mekundu.
Usiku analinda ghala la kahawa
kwa bunduki yenye risasi mbili
ambayo miaka kumi na mmoja hajaifyatua,
na anamwomba Mungu astaafu nazo zote mbili.
Akakaa chini. Akapuliza kanda.
Dole gumba lilikumbuka kabla yake.

Kushoto. Kulia. Yule mnene.
Ngome ya nane. Ya tisa. Umeme haukukatika.
Nje mlima ulikuwa umejifunua, mpaka kwenye theluji,
majirani wakiitana waje kuuona. Hatukutoka.
Ngome ikalipuka kwa mlio wa bati lililokunwa msumari,
nasi tukasogea, watu wazima wenye presha,
kuona kilichofichwa huko nyuma siku zote hizo.

Nyota. Kimya kidogo.
Kisha, kutoka kushoto, wanne wanne,
walewale,
ila mbio zaidi.

"Kumbe hakuna mwisho," akasema,
wala sauti yake haikusikitika.
Akakipeleka chombo chake polepole
hadi mbele ya risasi ya kwanza, akakiacha hapo.
Pembetatu ikapasuka. Skrini ikabadilika rangi:
kijani, rangi yangu.

Akajinyoosha kwenye mkeka, kofia usoni.
"Zamu yako. Niamshe saa kumi na moja."